Fungate ya Kupigia Picha

"Mshike kiuno, mzee! Wewe ni bwana harusi, si mlinzi wa benki!"

Meneja wa kambi ya watalii huyo. Wageni wa fungate walikwama njiani, mpiga picha za matangazo yuko tayari, basi wakubwa wakaamua watuvalishe sisi nguo nyeupe, tukae mbele ya hema la wapenzi. Mimi niliyefiwa na mke, kazi yangu kuwapelekea wageni maji ya moto ya kuoga. Na Mama Pasi, mfua nguo.

"Mkono mgumu kama kuni," akaninong'oneza.

"Nimeambiwa nikushike."

"Mpaka uambiwe!"

Nikabaki kumtazama. Sheria imebandikwa jikoni: wafanyakazi wakipendana, mmoja anafukuzwa. Wakubwa wanalala na wake zao. Sisi tunachekwa na fisi nje ya turubai.

Picha ikaenda mtandaoni. Siku ya tatu nikapanda kichuguu, maana simu hushika hapo tu. Ikaita papo hapo: shemeji, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, umeoa kimyakimya?"

"Sijaoa! Ni kazi."

"Kazi gani ya kumwangalia mtu hivyo? Dada ulimwangalia hivyohivyo. Mlete tumwone."

Sijajibu, ujumbe alioutuma Mama Pasi asubuhi akiwa hapohapo kichuguuni ukaingia:

"Mwanangu kaona picha. Anauliza huyo baba ni nani. Nimjibu nini? Ukinyamaza tena, naondoka na gari la mboga."

Nikashuka mbio. Nikamkuta anafunga begi.

"Mwambie ni mume wako! Umefurahi?"

"Unaposa au unagombana?"

"Vyote!"

Akacheka mpaka akakalia begi. Tukaenda kwa meneja.

"Sheria mnaijua. Mmoja aondoke."

"Sawa, baba," Mama Pasi akasema. "Naondoka na picha yangu. Itoeni."

Picha ile ilikuwa imeshaleta maombi ya kujaza mahema msimu mzima.

"Ngojeni niwapigie wakubwa," meneja akasema.

"Kichuguu kile pale," nikamwonyesha.

Akarudi suruali imejaa vumbi.

"Wamekubali. Ila wanauliza, siku ya harusi mpiga picha aje?"

"Aje," Mama Pasi akajibu. "Safari hii mkono wake nitauweka mwenyewe."

Tukaoana Jumamosi, tumevaa nguo zilezile za kambi. Jioni tu, meneja akabisha hodi: wakubwa wanazitaka kesho, zikiwa safi.

Bibi harusi hakuzigusa. Nilifua mimi, nikiwalaani mpaka maji ya mwisho.