Kompyuta Iliyogoma Kuamka

Risasi ya tatu ilipasua dirisha. Nyigu akajitupa chini ya meza ya karani wa magendo.

Karani mwenyewe alishatoroka. Alichoacha ni kompyuta moja, imelala.

Ndani yake mlikuwa na namba ya kontena na mahali lilipopangwa. Kontena moja kati ya mia nne yaliyopangwa uani, juani, saa saba mchana. Watu kumi na tisa walikuwa wamefungiwa humo tangu alfajiri, wavushwe mpaka kama mizigo. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa. Walipopiga simu idara ya ujasusi mara ya mwisho, zilisikika pumzi tu.

Nyigu, jasusi wa miaka kumi na miwili kazini, alibonyeza kibodi. Kimya. Akasukuma kipanya. Kimya.

Akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuwashia, kisha akakirudisha upesi. Waya mwembamba ulitoka kwenye kitufe ukaingia kwenye kilipuzi kilichobandikwa ubavuni mwa mashine.

Akampigia fundi wa idara, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, imelala na haiamki. Kitufe kimetegwa."

Fundi alimwonya asichomoe umeme, kila kitu kingepotea. Mashine ile ilitumia mfumo wa Linux, akasema, na humo mwenye mashine huamua kifaa kipi cha USB kina ruhusa ya kuiamsha. Karani alivinyima kibodi na kipanya. Lakini kimoja lazima alikiachia. Hata mwizi hujiwekea mlango wa kutokea.

"Kipi?"

"Chenye ruhusa hakikatiwi umeme. Tafuta chenye uhai."

Nyayo za walinzi wa karani ngazini.

Nyigu alichomoa bastola yake, Glock, akafyatua mara mbili kupitia mlango. Nyayo zikarudi nyuma. Zilibaki risasi nne.

Redio yake ya Motorola ikakoroma. Mwenzake aliyekuwa uani, waliyemwita Babu kwa mvi zake, alisema amegonga makontena sitini na hakuna aliyejibu. Sauti yake ilitetemeka. Nyigu hakuwahi kuisikia hivyo.

Akapapasa waya mmoja baada ya mwingine, vidole vikiteleza kwa jasho. Kamera, imekufa. Spika, zimekufa.

Nyuma ya droo, mashine ya kusomea lebo za mizigo ilining'inia kwa waya wake. Kwenye kioo chake palikuwa na nukta nyekundu, hafifu.

Akaielekeza kwenye lebo ya boksi. Akabana.

Mlio mfupi. Feni ikavuma. Skrini ikawaka, orodha ya karani ikiwa wazi kama alivyoiacha.

"Babu. Mstari wa tisa, la tatu kutoka getini. La kijani. Vunja."

Dakika mbili zilizofuata zilimzeesha. Kisha redioni akasikia kufuli likikatika. Chuma kikalalama. Kikohozi. Kikohozi kingine. Mtoto akalia.

"Kumi na tisa," Babu alisema. "Wote wanapumua."

Land Cruiser za idara ziliingia uani, na waliokuwa ngazini wakatupa silaha. Fundi, akiwa bado kwenye simu, aliuliza amwambie nini mkewe akimuulizia dada yake. Nyigu akajibu amwambie dada alikuwa kazini.

Karani, aliyenaswa akitoroka, alikuwa amepiga magoti getini, pingu mikononi. Alitaka kujua nani aliyemsaliti. Nyigu akampita bila kumtazama, akashika njia kwa miguu, taratibu, kama mtu aliyetumwa sabuni dukani.