Mawe Aliyaosha, Tumbo Langu Akalinyima Maji

Nina miaka thelathini na moja, mama wa mapacha, mkazi wa Rwamgasa huku Geita. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira, na asitokee wa kuniambia nisamehe!

Mume wangu, Baba Kulwa, anaosha mawe ya dhahabu mwaloni, pale wanapoyachenjua. Kazi yake ni maji tu. Pampu inavuta, tope linakwenda, dhahabu inabaki. Nani wa kumfundisha yule maana ya kuosha?

Siku hiyo tumbo lilinishika nikaanguka shambani. Kwenye kituo cha afya, daktari akasema kidole tumbo kimepasuka na usaha umesambaa. Atanipasua mara moja, na kabla ya kushona ataniosha tumbo kwa maji ya drip, mengi, mpaka yatoke safi. Stoo yao ilikuwa imekaukiwa, akamtuma mume wangu duka la dawa akalete katoni nzima. Nilikuwa nimelala palepale, nilisikia kila neno.

Alirudi na chupa mbili tu! Eti dukani zimekwisha. Daktari alisonya, lakini kungoja kulikuwa kifo. Akaniosha kwa hicho kidogo, akashona...

Kidonda kikavimba, kikafumuka, kikatoa usaha. Harufu yake! Wakati wa kusafishwa nilikuwa nauma kanga nisipige kelele. Na Baba Kulwa? Alichungulia mlangoni, akaziba pua, akasema mwaloni kuna kazi. Hakurudi tena.

Mama Neema, mwenye duka la dawa, ndiye aliyekuja kuniona. "Pole, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nilishukuru Mungu Baba Kulwa aliporudisha katoni saa nane mchana, nikampa pesa zake. Aliniambia operesheni imekwisha na maji yamebaki."

Imekwisha? Saa nane nilikuwa hata sijaingizwa chumba cha upasuaji!

Nikampigia simu Baba Kulwa. Wala hakukana! "Maji ya kumwagwa sakafuni, Mama Kulwa? Pampu ilikuwa imekufa, ningeacha kununua mpira wake?" Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipelekwa hospitali kubwa, nikapasuliwa tena. Safari hii waliniosha wakaridhika, nami nikapona. Lakini tumbo limebaki na uvimbe, ndoo siinui, jembe silishiki. Mama yangu, kwa uzee ule, ndiye ananichotea maji ya kuoga.

Juzi Baba Kulwa alituma wajomba zake wanibembeleze. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, wakaniambia ndoa ni kuvumilia. Nikawafungulia mlango watoke!

Ndugu mnaouguza, nawasihi... Daktari akikutuma maji ya kumwoshea mgonjwa wako ndani ya upasuaji, lete yote. Usipoelewa yanafanya nini, muulize. Usijifanye fundi wa tumbo la mwenzako! Yale yanayomwagika sakafuni ndiyo yanayotoka na uchafu ambao ungemfanya aoze.

Pampu yake bado inanguruma, naisikia kutoka kitandani. Inamwaga maji kutwa nzima, na yeye hayaonei uchungu hata kidogo.