Kicheko Kwenye Kioo

Macho ya vioo ya Bi Mwamvita yalikuwa yakichambua mchele. Kila kijiwe yalichokiona yalikizungushia duara jekundu. Kabla hajakitoa, tangazo la sabuni likafunika sinia zima.

"Wameanza tena hawa mbwa! Pili, sabuni yao imeingia kwenye mchele wangu."

Binti yake alikuwa akichomeka waya nyuma ya sikio la mama. Pili hakuwa amesahau: moshi wa kiwanda cha Kampuni ndio uliopofusha mtaa mzima, kisha Kampuni hiyohiyo ikaja kugawa macho, ikapigiwa makofi. Na leo adhuhuri Kampuni ingeyazima. Macho ya zamani, walitangaza, hayana faida tena.

Ndani ya kila jicho mlikuwa na kadi ya picha, na kilichoitawala kadi ni kiini, programu ya chini kabisa. Vichora, yaani programu za kuchora picha, vyote hupita kwake. Kiini hukipa kimoja tu usukani wa kioo, yaani ruhusa ya kukichorea. Pili alikuwa ametengeneza kichora chake, ili aupokonye kabla ya adhuhuri.

"Tulia, mama."

"Nitulie vipi na wewe unanitekenya?"

Pili akaangua kicheko. Papo hapo usukani ukahamia kwa kichora chake.

"Ee! Nakuona, mwanangu! Hamna sabuni! Na hayo mapengo ni ya marehemu baba yako kabisa."

Hawakumaliza kufurahi. Kiini kikadai sahihi ya siri ya Kampuni, kikaikosa, kikakitupa nje kichora cha Pili na kufunga mlango. Akajaribu tena. Kikakataa. Akajaribu njia zote alizozijua.

King'ora cha adhuhuri kikalia kiwandani. Kiini hakifuti kioo bila kuamriwa. Huiacha picha ya mwisho mpaka kije kichora kingine. Vya Kampuni vilikuwa vimezimwa; hakuna ambacho kingekuja. Nje, majirani walipapasa kuta, kila mmoja na sabuni yake machoni, mpaka kaburini.

Pili akaushika mkono wa mama yake.

"Mbona unanilowesha?"

"Maji tu, mama."

Bi Mwamvita akatabasamu, akiutazama uso wenye kicheko usiokuwepo tena.

"Haya, basi, mwanangu, acha kucheka. Mbavu hazikuumi?"