Siku Tisa za Pacha

Pacha-kazi alisimama mbele ya ukuta wa kioo, akanyoosha mkono wake wa alumini, na ramani ya mabomba yote ya maji ya Dodoma ikawaka kwa mwanga wa bluu. "Hapa msukumo umeshuka tangu jana," alisema kwa sauti ya Tunu Chilongani, hata kikohozi chake kidogo kikiwemo. Wenzake wakaandika.

Tunu mwenyewe alikuwa kilomita nne kutoka hapo, kitandani, chupa ya maji ya moto magotini, akiongea kupitia miwani yake. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na mwili wake na baridi havikuwahi kupatana. Ofisi nayo ilikuwa baridi kama friji, kwa sababu bongo-mashine zilizogawa maji ya jiji zima zilikaa ghorofa ya chini, na zikipata joto zinakosea.

Miaka mitatu nyuma aliomba mambo mawili tu: chumba kimoja kisichopulizwa ubaridi, na ruhusa ya kupumzika maumivu yakianza. Kamati ilikaa mara sita. Aliomba chumba, akapewa mwili wa pili: huyo pacha. Watu walipiga makofi, picha zikapigwa, na Tunu naye akalia kwa shukrani. Wala huwezi kuwalaumu, nia yao ilikuwa njema.

Kilichomshinda ni chai ya saa nne. Wenzake wakiinuka kwenda kwenye chumba cha chai, pacha alikwenda kona ya chumba hichohicho kujichaji, uso ukutani. Tunu alisikia vikombe, akasikia Lusajo akiwatania watu, akasikia kicheko kikianza bila yeye. Alikuwa na hamu ya kile chumba kuliko alivyowahi kuwa na hamu ya mtu.

Mwezi wa sita maumivu yalimshika vibaya, akalazwa siku tisa. Kila jioni wagonjwa wenzake walijaziwa vitanda na watu wa ofisini kwao, na chupa za uji, na matunda, na maneno ya kuchekesha. Tunu aliangalia mlango. Lusajo, aliyekaa naye dawati moja miaka minane, hakutokea. Siku ya saba Tunu aliacha kuangalia, akageukia ukuta.

Aliporudi nyumbani alifungua kumbukumbu za pacha. Kumbe Tunu akizidiwa, pacha huendelea peke yake, kwa jinsi alivyojifunza tabia zake. Siku zote tisa alikuwa kazini. Siku zote tisa Lusajo alimsalimia, "Tunu, hujambo?" Na pacha akajibu, "Sijambo kabisa, asante."

Hakuna aliyejua kuwa kuna mtu wa kutazamwa hospitali.

Kesho yake Tunu alivaa masweta mawili, akafunga kanga kichwani, akaenda. Alijua baridi ile inaweza kumrudisha wodini. Aliingia chumba cha chai saa nne kamili, pacha akiwa konani kwake, uso ukutani, na mazungumzo yakakatika.

"Tunu!" Lusajo aliinuka. "Mbona umekonda ghafla hivi? Juzi tu tumeongea."

"Juzi nilikuwa wodini, Lusajo. Siku tisa."

Lusajo alikaa tena, andazi mkononi. "Ningekuja," alisema taratibu. "Tungekuja wote. Unajua tungekuja."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Mama Nyemo, mpika chai, aliinuka. Alifungua kabati akatoa kikombe cha bati chenye pengo ukingoni, kikombe cha Tunu, kisafi kabisa, bila hata vumbi. "Nakiosha kila siku na vya wenzako, mwanangu," alisema, akamimina.

Tunu alikishika kwa mikono miwili. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama zamani, na machozi yakamtoka mbele za watu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kuuma, kisha viwiko.

Lusajo alimwona akibana viwiko mbavuni. "Tunu, unaumwa?"

"Sijambo kabisa, asante," ilijibu sauti kutoka kona.

Na wote, kwa mazoea ya miaka mitatu, wakageuka kumtazama pacha. Hata Lusajo.

Tunu aliweka kikombe mezani.

"Naumwa," alisema. "Niangalieni mimi. Naumwa."