Baiskeli Iliyojaribiwa Kwenye Lami

Kila asubuhi Atupele alikamua ng'ombe wake, akachuja maziwa na kuyatia kwenye dumu. Kisha alijitwika dumu kichwani na kushika njia. Aliwapelekea maziwa walimu wa shule, mama wa mgahawa, na nyumba kadhaa zilizo ng'ambo ya bonde. Huku Isansa njia zetu ni za udongo mwekundu. Kiangazi zinatoa vumbi, na mvua ikinyesha zinateleza kama mlenda.

Maziwa hayo ndiyo yaliyoendesha nyumba wakati kahawa ikiwa bado mtini. Yalinunua chumvi, sabuni, na madaftari ya binti yao Goodness. Mumewe, Zebedayo, alilijua hilo vizuri. Alikuwa mkulima hodari, mume mpole, na mtu wa kupenda kuonekana. Hili la mwisho si kosa kubwa. Nani asiyependa kuonekana? Lakini ndilo lililomponza.

Mwaka huo kahawa ilikubali. Siku moja wakati wa kula, Zebedayo alisema, "Mama Goodness, shingo yako imechoka. Nitakununulia baiskeli."

Atupele alifurahi sana. "Asante, Baba Goodness. Ila iwe fupi. Na iwe ile ya kike, isiyo na bomba la juu. Mimi navaa sketi na kitenge, siwezi kurusha mguu barabarani."

"Niachie mimi. Baiskeli nazifahamu."

"Basi twende wote, niijaribu mwenyewe."

"Na maziwa atapeleka nani? Wewe baki. Niachie mimi."

Kuhusu maziwa alisema kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Kwetu, mwanamume akionekana anasukuma baiskeli ya kike, vijana wa kijiweni hawamwachi. Watamwuliza kama ameazima na gauni. Zebedayo alijiona akishuka kwenye gari mbele ya kijiwe, baiskeli ya kike mkononi. Moyo wake ukakataa.

Alipanda gari hadi Mpemba, kwenye barabara kuu ya lami iendayo Tunduma na mpakani. Hapo kando ya barabara Bi Mwanakombo huuza baiskeli zilizotumika. Ni mwanamke wa Tanga aliyekaa huku miaka mingi. Anaongea sana na kucheka sana, na wateja wake wengine huvuka mpaka kutoka Zambia.

"Karibu kaka," alisema. "Unatafuta baiskeli ya nani?"

"Yangu mwenyewe," Zebedayo akajibu.

"Utapita njia gani? Ya lami au ya udongo?"

Macho ya Zebedayo yalikuwa yameshafika kwenye baiskeli moja ya mbio. Ilikuwa nyekundu, ndefu, nyembamba, yenye gia nyingi. Usukani wake ulipinda kama pembe za kondoo dume. Alijua akitaja udongo ataonyeshwa nyingine.

"Ya lami," akasema.

"Na mzigo je?"

"Kidogo tu."

Bi Mwanakombo alimtazama viatu. Vilikuwa na udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Alitaka kusema neno, lakini wateja wengine walikuwa wakimwita. "Haya, ijaribu," akasema.

Zebedayo aliijaribu palepale kwenye lami. Baiskeli ilikwenda bila kelele, nyepesi, nusura aipite bodaboda. Alirudi meno yote nje. Wahenga hawakukosea, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Aliposhuka kwenye gari kule Isansa, kijiwe kizima kilisimama. "Mzee, hii chuma si mchezo," kijana mmoja akasema. Zebedayo aliisukuma polepole ili nao wengine waione.

Atupele alipoipanda, vidole vya miguu tu viligusa chini. Ili asimame, ilimbidi aiinamishe baiskeli upande mmoja.

"Baba Goodness, hii inanilaza kifudifudi. Usukani uko mbali. Na breki siifikii vizuri."

"Utazoea," mumewe alisema.

Baiskeli hiyo haikuwa na matundu ya kufungia keria. Zebedayo alitafuta keria ya zamani akaifunga kwa waya. Jirani yao Yesaya alikuwa anapita. Aliutikisa ule waya kwa kidole.

"Huu utashika dumu la maziwa kweli?"

"Utashika."

"Na tairi mbona nyembamba hivi?"

"Atazoea tu," Zebedayo alisema.

Atupele alichukua dumu lake akaingia ndani. Alimpenda mumewe. Hakutaka kumwambia mbele ya jirani kwamba zawadi yake haimfai.

Kiangazi kilipita hivyo hivyo. Atupele alivaa suruali ndani ya kitenge. Alipofika penye mawe alishuka na kusukuma. Tairi zilipasuka mara kwa mara, na Zebedayo aliziba tyubu jioni huku akiyalaumu mawe. Halafu mvua zikaanza.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Atupele alikuwa akishuka mteremko wa bondeni. Tope lilijaa kati ya tairi na fremu. Alibana breki, na gurudumu likateleza badala ya kusimama. Waya wa keria ukalegea, dumu likaegemea upande mmoja na kuivuta baiskeli. Akataka kuweka mguu chini, lakini mguu haukufika. Alianguka na kutanguliza kiwiko cha kulia.

Walimu waliokuwa wakienda shule walimwokota. Maziwa yalikuwa yameshaingia mtaroni.

Hospitalini mkono ulifungwa plasta ngumu. Ilipoondolewa, daktari aliukunja na kuunyoosha taratibu. "Mfupa umeunga," alisema. "Lakini kiwiko hiki hakitanyooka chote. Na hivi vidole viwili vyenye ganzi huenda vikabaki hivyo. Fanya mazoezi kila siku, yatasaidia. Ila mkono hautarudi kama zamani."

Zebedayo alitoka nje akasimama ukutani. Alijuta. Wiki zote hizo yeye ndiye aliyepeleka maziwa kwa miguu, dumu begani, na alikuwa ameujua uzito wake. Alijuta akikamua, alijuta akila. Alimwona mkewe akisonga ugali kwa mkono wa kushoto, sufuria ikihama huku na huku, na chakula kikamshinda kumeza. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa ameshahamia nyumbani kwake.

Lakini binadamu akijuta hutafuta wa kusaidiana naye mzigo. Zebedayo aliamua kwamba mwenye kosa ni muuzaji. Akapakia baiskeli juu ya gari, akaenda na mkewe hadi Mpemba.

"Uliniuzia baiskeli mbovu," alimwambia Bi Mwanakombo. "Tazama mke wangu alivyoumia."

Bi Mwanakombo alimpa Atupele kiti kwanza. Kisha aliinua baiskeli na kuzungusha gurudumu.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Lakini kaka, baiskeli hii si mbovu. Kijana anayekwenda Tunduma kila siku kwenye lami, tena bila mzigo, angenishukuru. Nilikuuliza ni ya nani. Ulisema yako mwenyewe. Nikakuuliza njia, ukasema lami."

Atupele aligeuka. "Ulisema ni yako?"

Zebedayo aligeukia barabarani. Lori la mizigo lilipita, likapita na lingine.

"Baba Goodness, ulisema ni yako?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuonekana na baiskeli ya kike."

Atupele aliutazama mkono wake. Hakugomba. Zebedayo alitamani angegomba.

Bi Mwanakombo naye hakucheka siku hiyo. "Na mimi nina sehemu yangu," alisema. "Viatu vyako vilikuwa na udongo mwekundu. Niliuona. Ningekuuliza tena ungesema kweli. Lakini nilikuwa na wateja wengi, nikakuacha uende. Dada, nisamehe."

"Yameshapita," Atupele alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ila maziwa bado yapo, na mimi kichwani siwezi tena kujitwika. Mkono haufiki juu kushika dumu. Nataka baiskeli ninayoiweza."

"Daktari amekuruhusu kuendesha?"

"Ameruhusu. Amesema nisibebe kizito kwa mkono huu."

"Basi leo nakuuliza wewe mwenyewe. Njia yako ikoje?"

"Kule Isansa ni ya udongo, yenye milima. Mvua ikinyesha ni tope tupu."

"Basi tairi nyembamba hazikufai. Zile zinakwenda vizuri kwenye lami, lakini kwenye mawe zinapasuka na kwenye tope zinateleza. Chukua tairi pana zenye meno. Halafu tazama hapa." Aliingiza vidole kati ya tairi na fremu ya baiskeli moja ya kike, ya kijani. "Vidole vyangu vinapita. Tope nalo litapita. Kwenye ile nyekundu hata kidole kimoja hakiingii."

Zebedayo alisogea akaingiza vidole vyake. Vilipita.

"Mzigo wako ni nini, dada?"

"Dumu la maziwa."

"Yawe madumu mawili madogo, moja kila upande, ili baiskeli isivutwe. Na keria hii imefungwa kwa skrubu kwenye matundu yake. Baiskeli isiyo na matundu ya keria haikutengenezwa kubeba mzigo. Ukifunga keria kwa waya, unajifungia ajali."

Zebedayo aliinamisha kichwa.

"Sasa panda. Ukisimama, nyayo zote mbili zikae chini. Zimekaa? Vizuri. Sasa kaa kwenye siti, weka mguu kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti likunjike kidogo tu. Likikunjika sana, siti iko chini na magoti yatakuuma. Mguu usipofika, siti iko juu. Usukani unaushika bila kujinyoosha?"

"Naushika," Atupele alisema. "Lakini breki itanishinda. Vidole hivi havibani."

Bi Mwanakombo alifikiri kidogo. "Hii ina breki ya miguu. Ukirudisha pedeli nyuma, gurudumu la nyuma linafungwa. Na breki ya mkono tutaihamishia kushoto, kwenye mkono wako mzima. Ila lazima uizoee kabla ya kubeba maziwa."

Zebedayo alitaka kuivuta baiskeli kuipeleka kwenye lami. Bi Mwanakombo alimzuia.

"Umerudi kulekule, kaka. Isansa kuna lami? Baiskeli hujaribiwa kwenye njia itakayopita, na kwa mzigo itakaobeba."

Aliwapeleka nyuma ya nyumba, kwenye kinjia cha udongo chenye mteremko na madimbwi. Alifunga madumu mawili ya maji kwenye keria. Atupele aliteremka polepole, akarudisha pedeli nyuma, baiskeli ikasimama. Akaweka miguu yote chini. Alifanya hivyo tena na tena, hadi uso wake ukalegea.

"Hii," akasema.

Bi Mwanakombo aliichukua ile nyekundu, wakaelewana, wakaagana vizuri.

Kule Isansa Zebedayo alishuka kwenye gari mbele ya kijiwe. Aliishusha baiskeli ya kike mwenyewe, akaisukuma. Vijana walianza maneno yao. Mmoja alimwuliza kama gauni liko kwenye mfuko. Zebedayo aliwasalimia akapita. Walicheka kidogo, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao ya mpira. Kumbe aibu aliyoiogopa ilikuwa fupi hivyo. Kwa ajili ya kuikwepa hiyo, mkewe alikuwa amepoteza mkono mzuri. Zebedayo alisimama njiani, akashindwa kuendelea, mpaka Atupele alipomgusa bega.

Siku za kwanza Atupele alijifunza bila mzigo, kwenye uwanja wa kanisa. Zebedayo alikimbia pembeni yake. Hakusema tena neno lile la utazoea. Aliuliza, "Siti iko sawa? Breki inashika?" Mkewe akisema hapana, alichukua spana.

Masika ya mwaka huo Atupele alipeleka maziwa bila kuanguka. Walimu waliendelea kununua, na mama wa mgahawa pia. Mteremko ukiwa na tope sana, anashuka na kusukuma, kwa kuwa baiskeli nzuri haiondoi haja ya akili. Tairi hazijapasuka. Goodness ana madaftari yake. Lakini msimu wa kuchuma kahawa, Zebedayo humwinamishia mkewe matawi ya juu, kwa sababu mkono hauyafikii.

Siku moja Yesaya aliwakuta nyumbani. Alitaka kumnunulia binti yake Brenda baiskeli ya kwendea sekondari.

"Naona mama anavyokwenda vizuri," alimwambia Zebedayo. "Ulimchagulia baiskeli nzuri. Nami nipeleke kesho, unichagulie moja ya Brenda."

"Hiyo alichagua mwenyewe," Zebedayo alisema. "Niliyomchagulia mimi, itazame kwenye mkono wake."

Atupele alikuwa akichuja maziwa, kiwiko kimekunjika. Yesaya alimtazama, kisha akainuka bila kumaliza chai, akaenda nyumbani kumwambia Brenda ajiandae kwenda naye Mpemba.