Farasi Kumi na Wawili wa Rosalind

Ukumbi wa maonyesho wa Nottingham ulifurika Jumamosi ile. Makoti yamelowa mvua, watu wanasukumana kati ya meza zilizojaa askari wadogo wa plastiki. Rosalind Hebden, muuguzi wa farasi, alikuwa na buti zake za kazini na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Aliokota askari mmoja wa Napoleon aliyepanda farasi, mrefu kama kidole gumba, akamgeuzageuza, akaangua kicheko.

"Farasi gani huyu? Anakwenda shoti kama meza inayosukumwa!"

Mwenye kuuza, Alun Prosser, mtu wa Wales mwenye kizibao cha manjano na ndevu zilizochanwa vizuri, alipandwa na mori. Yeye ndiye aliyemchonga.

"Wewe dada, umewahi hata kumgusa farasi?"

"Nimewazalisha arobaini. Wewe je, umewahi kumtazama mmoja miguu?"

Waligombana robo saa nzima. Wateja wakaacha kununua, wakabaki kusikiliza. Mwishowe Alun akasema, "Haya, nionyeshe basi." Jioni, mbele ya chipsi zilizomwagiwa siki, Rosalind akamchorea jinsi farasi anavyokimbia kwenye karatasi yenye mafuta.

Mapenzi yakaanzia hapo, ya kelele na vicheko. Alun alimwita "daktari wangu wa kwato". Rosalind akamwita "jenerali". Kwa miezi saba Rosalind alifinyanga farasi kumi na wawili wa kupandwa na askari wa Alun, wa kutolewa nakala za plastiki kiwandani. Mmoja alimpa sikio lililochanika, kama la Bracken, farasi wake jike aliyefia mikononi mwake. Huyo alimfinyanga akilia, Alun akimshikia taa.

Maboksi ya askari hao na farasi wao yakatoka kiwandani mwezi Machi. Kwenye kifuniko: Askari na farasi, kazi ya Alun Prosser. Basi.

Rosalind alimpigia simu papo hapo.

"Jina langu liko wapi, Alun?"

"Mpenzi, nisikilize. Wanunuzi wananijua mimi. Jina geni lingewachanganya tu."

"Nimekuwa jina geni leo?"

"Usikuze mambo, malkia wangu."

"Usiniite malkia! Mwizi we!"

Akakata. Alun alipiga mara tisa, hakupokea. Alituma maua, Rosalind akawapa mbuzi wa jirani. Aliandika barua, ikachanwa kabla ya kufunguliwa. Hasira ile aliamka nayo, akaenda nayo kazini, akafunga farasi bandeji huku amekaza meno. Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba bado alimkumbuka mtu yule.

Mwezi Mei kulikuwa na maonyesho mengine kama yale, mjini York. Rosalind alivaa gauni jekundu, makusudi aonekane, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya Alun.

"Nimekuja kuwaambia watu hawa wewe ni mtu wa namna gani."

Alun hajafumbua mdomo, mzee mmoja mwenye kioo cha kukuzia akadakia kwa furaha. "Bwana Prosser! Huyu mwenye sikio lililochanika! Miaka hamsini nakusanya farasi, sijaona mwenye uhai hivi. Wazo ulilitoa wapi?"

Alun akamtazama mzee, akamtazama Rosalind. Rosalind alijua moyoni kwamba Alun akidanganya sasa, yamekwisha.

"Si wangu," alisema Alun. Akarudia kwa nguvu hata meza za jirani zikageuka. "Farasi wote kumi na wawili ni wa huyu, Rosalind Hebden. Walizidi chochote nilichowahi kuchonga. Nikaona wivu, nikaficha jina lake."

"Wivu!" Rosalind alifoka. "Unanipigia hadithi za wanunuzi, kumbe wivu!"

"Ndiyo. Kesho nayaondoa maboksi yote. Hayatauzwa tena bila jina lako."

"Leo."

"Sawa, leo."

Akaanza kuyaondoa mezani pale pale, wateja wakikodoa macho.

"Na usidhani nimekusamehe," Rosalind alisema.

"Sidhani."

"Nitakukasirikia mpaka Krismasi."

Alun akasimama, mikono imejaa maboksi hadi kidevuni. "Na baada ya Krismasi?"

"Baada ya Krismasi uje unioe. Sasa lete hayo, utayaangusha."