Mama Mkwe Agoma Kununua Begi

Mama Mabegi alikuwa na tabia moja dukani. Mteja akishika begi, yeye hulichukua, hugeuza ndani kuwa nje, kisha husema, "Vuta mshono huo." Mteja huvuta kwa nguvu. Uzi hautoki. Basi hununua.

Lakini barabara mpya ilijengwa upande wa pili, na wapita njia wakapungua. Mumewe akasema dawa ni kuuza mtandaoni. Kila akitoka kazini alikaa na simu, akatengeneza tovuti. Aliipenda kupita kiasi. Herufi za dhahabu ziliruka-ruka. Kengele ililia. Tangazo jekundu lilisema punguzo linaisha leo, na lilisema hivyo kila siku. Picha za mabegi aliziokota mtandaoni, kwa sababu aliona mabegi ya mkewe hayang'ai vya kutosha.

Watu waliifungua tovuti hiyo, wakaondoka. Hakuna aliyeagiza hata begi moja. Mama Mabegi aliumia moyoni. Mwezi ukiisha hivyo, angemrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba chake cha kushonea, aende kushona kiwandani chini ya msimamizi. Hakutaka kabisa.

"Kwani wanaona nini humo?" alimuuliza jirani yake, mwalimu wa kompyuta.

Jirani hakujua, lakini alitaka sana kujua. Alishauri watafute mtu asiyejua tovuti ni ya nani. Ajaribu kununua begi, huku akisema kila linalomjia kichwani.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea, na habari za tovuti hakuzijua. Akapewa simu, akavaa miwani. Kengele ilipolia, nusura aiangushe.

"Anapiga kelele za nini? Mali yake inaoza?"

Mume akatazama dari.

Mama mkwe alitafuta jina la muuzaji, hakuliona. Alitafuta namba ya simu, hakuna. Alitafuta duka liko wapi, hakuna. Kisha akaisogeza picha karibu na macho. Pembeni ya begi palikuwa na jina la duka jingine kabisa.

"Mimi kwa huyu sinunui," akasema, akirudisha simu. "Huyu ni tapeli."

"Mama," Mama Mabegi akasema taratibu, "huyu ni mimi."

Wote wakaangua kicheko, hata mume, ingawa yeye alicheka kwa shida.

"Sasa tumeona," jirani akasema. "Dukani mteja anakuona uso. Anavuta mshono. Anajua begi likiharibika atarudi wapi. Kwenye tovuti hana hayo yote, kwa hiyo anakupima kwa anachokiona. Tovuti ikiwa na fujo, na mwenyewe kajificha, anaogopa."

"Hata kama mimi ni mwaminifu?"

"Atajuaje? Hata tapeli anaweza kuwa na tovuti nzuri. Wewe weka vitu ambavyo mteja anaweza kuvihakikisha mwenyewe."

Wakaanza kazi. Mume aliuliza kama dhahabu inaweza kubaki kidogo. Jirani akaifuta yote. Waliweka maandishi meusi yanayosomeka, namba ya simu, mahali duka lilipo, bei pamoja na nauli ya kupeleka mzigo, na jinsi ya kurudisha begi lenye kasoro. Mabegi yenyewe waliyapigia picha dirishani, penye mwanga. Wakaweka pia picha ya Mama Mabegi akiwa kwenye cherehani.

"Bado," Mama Mabegi akasema. Akachukua begi, akaligeuza ndani nje, akavuta mshono huku mumewe akirekodi video.

Siku chache baadaye simu iliita. "Nilitaka tu kujua kama mtapokea," mtu asiyemfahamu akasema. Akaagiza begi la shule. Wengine wakafuata. Mwezi ulipoisha, ufunguo ulibaki mfukoni mwa Mama Mabegi, na yeye akashona akiimba.

Asubuhi moja ikaingia oda ya mkoba wa kahawia, uliokwisha kulipiwa. Mama Mabegi alipoona unapelekwa wapi, alimpigia mama mkwe haraka.

"Mama, si ungesema tu? Ningekushonea bure."

"Wa bure siutaki, mwanangu. Nilitaka kuona kama sasa ninaweza kununua kwa yule mtu."

"Ukaonaje?"

"Si nimenunua?"